Ngome Iliyogeuzwa Uso

Ngome ya Yesu, iliyosimama juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale ya Mombasa, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, miaka michache baada ya Waturuki wakiongozwa na Mir Ali Bey kuivamia pwani kwa merikebu zao. Kwa hiyo Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia aliyeichora, alimwaza zaidi adui wa kutoka baharini mwenye mizinga, akaipa kuta nene, handaki lililochongwa mwambani, na buruji nne, yaani ngome ndogo zilizochomoza pembeni ili kuta zilindane.

Adui wa kwanza kuitwaa, hata hivyo, alipita langoni. Mnamo Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ndani akamuua kapteni wa Kireno, na Wareno walioirejea ngome mwaka uliofuata waliikarabati, kisha wakaweka juu ya lango bamba la jiwe, la mwaka 1639, lililojaa majigambo ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kuhusu miji aliyoitiisha.

Waomani waliiteka Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miezi 33, nao, jambo la kustaajabisha, waliliacha bamba hilo mahali pake, hata vizazi vya askari Waislamu vikawa vinapita kila siku chini ya sifa za kapteni Mkristo. Kilichowashughulisha ni matumizi: kuta ziliinuliwa na kutobolewa matundu ya bunduki, maana vita vyao vilikuwa zaidi vya bunduki kuliko mizinga, na ndani wakajenga nyumba za kuishi. Mazrui, waliokuwa maliwali, yaani magavana wa Oman, kabla ya kujitwalia mamlaka, walikuwa na ukumbi wa baraza humo hadi Seyyid Said, sultani wa Oman, alipowaondoa mwaka 1837.

Hofu ya Cairati ilitimia mwaka 1875, ingawa kwa namna ambayo asingeibashiri: akida wa ngome, Muhammad bin Abdallah, alimwasi Sultan Barghash wa Zanzibar, na manowari za Uingereza, zikimtetea Sultani huyo, zikaipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri. Miaka 20 baadaye Waingereza waliifanya gereza, na kuta zilizojengwa kumzuia mtu asiingie zikawa za kumzuia asitoke.

Gereza hilo lilidumu hadi 1958, ngome ilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Ukarabati uliofuata uligharimiwa na Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, hivyo fedha za Ureno zikarudi palepale, na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyesimamia uchimbaji, akafukua misingi ya Wareno huku majengo ya gereza yakibomolewa. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1960, zama ambazo wazee wa Mombasa walizikumbuka kwa macho yao wenyewe ndizo zilizokuwa zimebakiza alama chache zaidi.