Shusha kwa Remmy!

Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi izinduliwe Dodoma Februari 2022, miezi michache kabla ya Sensa ya Agosti 23, nyumba nyingi za Dar es Salaam zimebandikwa namba na mitaa imesimikwa nguzo za majina. Kazi hiyo ilichelewa mno. Gari la wagonjwa halifiki kwa wakati kwa kuulizia geti jekundu, tena katika mkoa ambao sensa hiyo iliukuta na watu 5,383,728. Hata hivyo, muulize mwenyeji anakaa wapi, namba hatakutajia. Atakwambia ushuke Mkwajuni, uvuke barabara, upite msikiti, ukifika kwa fundi cherehani umpigie simu.

Si kwamba mji haukuwahi kupewa majina rasmi. Barabara iliyoitwa Unter den Akazien wakati wa Mjerumani ikawa Acacia Avenue kwa Mwingereza, ikawa Independence baada ya Uhuru, na leo ni Samora. Kichwele ikawa Uhuru, Pugu ikawa Nyerere. Lakini vibao hivyo viliwafaa zaidi watu wa mjini kati. Huko uswahilini barua hazikuletwa mlangoni, zilikwenda S.L.P. ya kazini, ya shule au ya kanisa, kwa hiyo namba ya nyumba haikuwa na wa kuihitaji.

Kilichohitajika ni mtu. J.A.K. Leslie, ambaye utafiti wake kuhusu Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ulichapishwa 1963, anaeleza jinsi mgeni kutoka bara alivyofikia kwa ndugu au kwa mtu wa kwao. Aliyekuwa na jina la mwenyeji wake aliuliza mpaka akafika. Naamini hapo ndipo lilipozaliwa lile neno "kwa" lililojaa kwenye vituo vyetu: kwa Mnyamani, kwa Aziz Ally, kwa Msuguri.

Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, makonda wa daladala wakawa ndio wasajili wa majina. Jina la kituo lilipaswa kuwa fupi, la kupigiwa kelele mlangoni, na liwe la kitu ambacho abiria anakijua: mti, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa 1968, duka la nyama, au nyumba ya mtu mashuhuri.

Na hakuna aliyeshinda hapo kama Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akaing'arisha bendi ya Super Matimila. Aliimba shida za maskini bila kuzipamba, akajiita Sura Mbaya, na mashabiki wakamwita Dokta. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua watu, ulikataliwa redioni, lakini watu waliujua. Redio ya serikali ilimnyima nafasi. Sinza ikampa kituo. Hakuna diwani aliyepitisha azimio. Abiria walisema tu "kwa Remmy shusha", dereva akakanyaga breki, na mgeni kutoka Kongo akawa anwani ya Watanzania. Alifariki Desemba 2010, na hadi leo abiria wanashuka kwa Remmy, wengi wao vijana ambao hawajawahi kumsikia akiimba.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, majina ya makonda yalipanda hadi kwenye mabango ya vituo vya serikali: Mapipa, Mwembechai, Argentina, Tip Top, Baruti, Bucha. Daraja la Mfugale la 2018 na la Kijazi la 2021 yanawaenzi watumishi waliostahili heshima hiyo, lakini abiria wanaofika kwenye madaraja hayo bado wanashuka Tazara na Ubungo.

Kinachoniuma ni kwamba namba zimebandikwa na historia haikuandikwa. Maofisa walipita mlango kwa mlango, wakachukua jina la mtaa na mahali nyumba ilipo, wakaondoka. Wazee wanaojua nani aliyeweka mapipa Magomeni, au Msuguri alikuwa nani, wanazidi kupungua. Manispaa zinao watendaji wa mitaa, zinazo shule zenye walimu wa historia, na orodha ya vituo wanayo makonda wote kichwani. Waanze na Sinza: chini ya jina la kituo iongezwe mistari miwili inayosema Remmy alikuwa nani, aliimba nini, na kwa nini tunashuka kwake.