Chumvi, Moto na Sheria: Historia ya Kuvuta Wanyamapori katika Wilaya za Serengeti na Tarime

Hukumu za kesi za uwindaji haramu zinazotoka Serengeti na Tarime hufanana sana. Hutaja nyaya za kutegea, panga, mikuki na vipande vya nyama ya nyumbu au pundamilia, kisha mahali mshtakiwa alipokamatwa. Mnyama huingia katika kumbukumbu akiwa tayari nyama. Namna alivyofika karibu na mtego haielezwi, na hivyo maarifa ya kumvuta mnyama yamebaki nje ya nyaraka.

Maarifa hayo yana msingi katika udongo. Mnyama mla majani huhitaji sodiamu na fosforasi, hasa jike anayenyonyesha. Nyanda za kusini mwa Serengeti zina majivu ya volkano na majani mafupi yenye madini mengi. Huko ndiko nyumbu huzalia mwanzoni mwa mwaka. Magharibi na kaskazini, ziliko wilaya hizi mbili, mvua ni nyingi na majani ni marefu, lakini madini yake ni haba. Utafiti wa Samuel McNaughton uliochapishwa mwaka 1988 ulionesha kwamba hata wanyama wasiohama hukusanyika pale penye majani yenye sodiamu, magnesi na fosforasi zaidi.

Waikoma, Wanata na Wangoreme hawakuhitaji jiwe la chumvi la kiwandani ili kuitumia hali hiyo. Walikuwa na moto. Jan Bender Shetler, katika *Imagining Serengeti* (2007), anauonesha uchomaji wa nyasi kuwa sehemu ya utunzaji wa ardhi hiyo. Majani machanga yanayoota baada ya moto huwa na virutubisho kuliko makavu, na wanyama huyafuata. Moto uleule ulifungua malisho ya ng'ombe na kupunguza vichaka vya mbung'o. Ni vigumu, basi, kuuita uchomaji huo uwindaji. Ni vigumu vilevile kudai kwamba aliyewasha hakujua ni nani angekuja kula.

Sheria ilikuja na mantiki nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti mwaka 1994. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyama ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na uwindaji hutegemea leseni na msimu unaofunguliwa tarehe 1 Julai. Ndani ya hifadhi ya taifa suala la msimu halipo, kwani uwindaji umekatazwa mwaka mzima. Kuwasha moto ovyo katika pori la akiba nako ni kosa. Lakini jiwe la madini linalouzwa katika maduka ya pembejeo kwa ajili ya ng'ombe ni halali, na likiwekwa zizini nje ya mpaka, hakuna anayeweza kumzuia swala kulilamba usiku.

Kwa hiyo njia ya wenyeji ya kuvuta wanyama iliharamishwa, ilhali jiwe la dukani lenyewe ni halali. Tofauti kati ya mfugaji na mwindaji anayengoja Julai imo katika nia, na nia haionekani katika jiwe lenyewe. Mtafiti anayetegemea hukumu peke yake ataihesabu mitego, na wale waliowavuta wanyama mwezi Juni hatawaona.