Mtoto wa Pemba asiyetaka kula

Mtoto akikataa kula, nani hulaumiwa kwanza? Mama yake. Hajui kupika, hana subira, kamdekeza mno. Na kwetu Pemba kuna la jicho pia: kuna mtu kamtazama mtoto vibaya!

Nasema haya kwa sababu mdogo wangu wa kike yamemkuta. Mwanawe ana mwaka na nusu, na akiona kijiko tu anafumba mdomo. Uji, wali, muhogo wa nazi, vyote anatema. Shangazi zetu wanamwambia amlaze mapajani, ambane pua, amnyweshe kwa nguvu. Bibi yetu yeye ana neno moja tu: "Mchango huo." Yaani minyoo.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikaanza kuuliza. Kumbe, wadau, swali hili lina historia, na sehemu nzuri ya historia hiyo imeandikwa Pemba penyewe.

Katika miaka ya 1990, watafiti walifanya jaribio kijijini Pemba kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 71. Waliwagawa kwa bahati nasibu. Kuna waliopewa madini ya chuma, miligramu 10 kila siku. Kuna waliopewa dawa ya minyoo, mebendazole, kila baada ya miezi mitatu. Wengine walipata vyote viwili, na wengine dawa za bandia. Baada ya mwaka mmoja watoto walipimwa damu na unene wa mikono.

Lakini kilichonivutia mimi ni kingine. Mama waliulizwa: mtoto anakula vipi? Hakuna mashine ya kupima hamu ya kula, kwa hiyo neno la mama ndilo lililokuwa kipimo.

Matokeo yalichapishwa 2004. Dawa ya minyoo iliongeza hamu ya kula, na chuma nacho vilevile. Tena dawa ya minyoo ilipunguza kukonda kwa watoto wa chini ya miezi 30, na upungufu wa damu wa wastani kwa wale wa chini ya miezi 24. Hebu fikiri: zamani watoto wa chini ya miaka miwili waliachwa nje ya mipango ya dawa za minyoo, wakionekana wadogo mno. Mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Geneva, wakakubali dawa hizo zitolewe kuanzia miezi 12.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi? Kwa kiasi, ndiyo. Ila msikimbilie duka la dawa, maana historia haikuishia hapo.

Mwaka 2002 lilianza jaribio lingine Pemba, kubwa zaidi, la watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu. Walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 vikundi vya chuma vilisimamishwa, kwani waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Malaria wakati ule ilikuwa imetapakaa kisiwani. Jaribio la aina hiyo Nepal, mahali pasipo malaria kali, halikuonyesha madhara hayo. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria.

Jamani, tutafakari. Kitu kilekile kilichorudisha hamu ya kula kwa watoto mia kadhaa kilileta hatari kilipotolewa kwa maelfu bila kupimwa kwanza nani ana upungufu. Ushauri wa ulimwengu mzima ulibadilika kwa sababu ya watoto wa Pemba, na wengi wetu tuliosoma hatuijui habari hii.

Ninachojifunza mimi ni hiki. Mtoto asiyekula si lazima awe mkaidi, na mama yake si lazima awe mzembe. Huenda tumbo au damu yake ina tatizo, na hilo hujulikana kliniki. Kumbana pua hakuui mnyoo hata mmoja, ila kunaweza kumpalia mtoto. Na chupa ya dawa ya kuongeza damu haifai kununuliwa kwa kukisia.

Watafiti wale walianza kwa kumuuliza mama na kumsikiliza. Je, sisi wa nyumbani tunashindwa nini?