Leptis Magna: Magofu Yenye Majina ya Wenyewe

Kilomita 120 hivi mashariki ya Tripoli, nje kidogo ya mji wa Khoms, barabara ya pwani ya Libya inapita karibu na lango la Leptis Magna. Ukiondoa miji miwili mitatu ya Italia, ni vigumu kutaja mahali penye mabaki ya mji wa Kirumi yaliyosimama vizuri kama haya. Mgeni akishakata tiketi, mwongoza watalii humshusha kwa njia ya mteremko hadi kwenye tao kubwa lenye milango minne, lililojengwa mahali zilipokutana barabara kuu mbili za mji. Ni tao la Kaisari Septimius Severus, la mwaka 203 hivi. Karibu kila ziara huanzia hapo.

Tao lenyewe linataka kutazamwa taratibu. Limeinuliwa juu ya ngazi pande zote, hivyo mkokoteni haukuweza kupita chini yake hata siku moja. Lilikuwa pambo tupu katikati ya njia panda. Picha zilizochongwa juu yake zinamwonyesha kaisari garini katika maandamano ya ushindi, na penginepo akishikana mikono na wanawe wawili, Caracalla na Geta, kuonyesha kwamba nyumba ile ina umoja. Mchongaji aliagizwa kuchonga upendo ambao haukuwapo. Baba alipofariki mwaka 211, hata mwaka mmoja haukupita kabla Caracalla hajamuua mdogo wake na kuamuru jina la Geta lifutwe kwenye maandishi kote katika dola. Vibao vya asili vya tao vilihamishiwa makumbusho ya Tripoli, na vilivyoko sasa kwenye tao ni nakala. Mwongozaji mzuri husema hivyo bila kuulizwa.

Septimius alizaliwa hapahapa mwaka 145. Babu yake, aliyekuwa na jina hilohilo, aliwahi kuwa hakimu wa mji. Mjukuu akapanda ngazi za utumishi huko Roma, akaongoza majeshi ya mto Danube, na mwaka 193 akashika kiti cha dola nzima. Alioa mke wa Kisiria, Julia Domna wa Emesa, na akafia kaskazini mwa Uingereza, katika mji unaoitwa York leo. Kitabu kimoja cha kale kinasimulia kwamba lafudhi ya Kiafrika haikumtoka ulimini hadi uzeeni. Kinaongeza kwamba dada yake alipokwenda kumtembelea kutoka Leptis, Kilatini chake kilikuwa cha kubabaisha mno hata kaisari akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha nyumbani. Wanahistoria hukisoma kitabu hicho kwa tahadhari. Hata hivyo kisa chenyewe kinaingia akilini, kwa sababu Leptis ulikuwa mji wa watu waliozungumza Kipuniki, lugha ya Wafoinike na Wakarthago, karne nyingi kabla ya Kilatini kufika.

Na hapo ndipo ziara inayoanzia kwenye tao inapoweza kumpotosha mgeni. Anaondoka akidhani kwamba Roma ilikuja ikajenga, kisha mwana mmoja wa mji akabahatika kuwa kaisari. Mawe hayasemi hivyo. Anayetaka kuwajua waliojenga Leptis avuke barabara kuu, aelekee kaskazini magharibi, aingie sokoni.

Soko lilikamilika mwaka 8 KK. Katikati ya uwanja wake yamesimama mabanda mawili ya mviringo yaliyozungukwa na nguzo, na meza za wachuuzi bado zipo, zikiwa zimeegemea mawe yaliyochongwa. Kati ya meza hizo kuna jiwe moja ambalo mgeni asilipite bila kuinama. Juu yake kumechongwa vipimo vitatu vya urefu: futi ya Kirumi, ambayo ni sentimita 29.5 hivi; dhiraa ya Kipuniki, sentimita 51.5; na dhiraa ya kifalme ya Misri, sentimita 52.5. Mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Alexandria na mnunuzi aliyetoka bara waliweza kupima mbele ya macho ya kila mtu, na mabishano yakaishia hapo. Mahali pengine sokoni kuna jiwe lenye mashimo ya ukubwa mbalimbali, ya kupimia ujazo, kazi ileile ambayo kibaba na pishi zilifanya katika masoko ya pwani yetu. Tofauti ya sentimita moja kati ya dhiraa mbili inaonekana ndogo, lakini mwenye kununua jora zima anaijua thamani yake. Jiwe hili linaeleza maisha ya Leptis kuliko lile tao lote: ulikuwa mji wa biashara, uliopokea watu wa kila upande, na uliohitaji waaminiane.

Aliyelijenga soko ametajwa kwenye maandishi yake. Aliitwa Annobal Tapapius Rufus. Annobal ni jina lilelile la Hannibal, jemadari wa Karthago aliyewatetemesha Warumi, na huyu hakulificha. Alilibeba pamoja na jina la Kirumi, akawa hakimu na kuhani, akatumia fedha zake kuupamba mji wake. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka wa 1 au wa 2 BK, akajenga pia ukumbi wa maigizo ulio hatua chache kutoka sokoni, mmoja wa kumbi za kale zaidi za mawe za aina yake katika Afrika ya Kirumi. Safu za chini za viti zimekatwa kwenye mwinuko wa asili, za juu zimejengwa, na mwenye kuketi juu kabisa anaiona bahari nyuma ya nguzo za jukwaa. Wachimbaji waliofika chini ya ukumbi walikuta makaburi ya Kipuniki, ya watu waliozikwa hapo karne kadhaa kabla ya Annobal kuzaliwa.

Maandishi ya ukumbini yako kwa lugha mbili. Juu kuna Kilatini, kikianza na vyeo vya Kaisari Augustus. Chini yake kuna Kipuniki, kikisema kwa herufi zake chenyewe kwamba Annobal aliujenga kwa gharama yake na kuuzindua. Asiyejua hata lugha moja kati ya hizo anaweza kuzitofautisha papo hapo: herufi za Kilatini zimesimama wima na kukatwa kwa pembe, za Kipuniki zimelala na kujipinda. Mwongozaji anayemwacha mgeni dakika tano mbele ya maandishi haya amefanya kazi yake.

Majina mengine yako jirani. Iddibal Caphada Aemilius alijenga majengo ya biashara yaliyojulikana kama Chalcidicum, mwaka 11 au 12. Juu ya viti vya ukumbi wa maigizo kulikuwa na hekalu dogo la mungu wa kike Ceres, na aliyeligharamia ni mwanamke, Suphunibal binti Annobal Ruso, mwaka 35 au 36. Hata maji ya mji yaliletwa na raia: karibu mwaka 120, Quintus Servilius Candidus aligharamia mfereji wa kuyatoa mbali na kuyafikisha mjini. Bila maji hayo hamamu kubwa ya wakati wa Kaisari Hadrian, iliyo karibu na tao, isingewezekana. Hamamu hiyo ina ukumbi wa maji baridi wenye mabirika, vyumba vya joto, na choo cha hadhara chenye viti vya marumaru vilivyopangwa kuzunguka kuta, kila mtu akimwona mwenzake. Watoto wa shule wakiletwa hapa, hicho ndicho hawakisahau.

Fedha zote hizo zilitoka kwenye mizeituni. Leptis ulianzishwa na Wafoinike karne ya 7 KK hivi, kwenye mdomo wa kijito ambapo merikebu zingeweza kujikinga, na tangu zamani ulisifika kwa utajiri. Mwandishi wa Kirumi Livy anasema uliwahi kuilipa Karthago kodi ya talanta moja ya fedha kila siku. Mwaka 46 KK mji ulijikuta upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Warumi, na Julius Caesar akautoza faini ya ratili milioni 3 za mafuta ya zeituni kila mwaka. Kwa vipimo vya leo ni karibu tani 1,000, na mji uliendelea kuishi.

Mafuta hayo yalikamuliwa kwenye mashamba ya bara, hasa vilima vya Tarhuna. Huko bado zimesimama jozi za mawe marefu yaliyoshikilia magogo ya kukamulia zeituni. Msafiri mmoja Mwingereza, H. S. Cowper, aliyatembelea mwishoni mwa karne ya 19, akaandika kitabu kizima akiamini kwamba ni mahali pa ibada za kale. Yalikuwa viwanda vya mafuta.

Mgeni akirudi upande wa mashariki, anaingia mji wa Septimius, na mabadiliko anayaona kwa macho. Mji wa akina Annobal ulijengwa kwa mawe ya chokaa ya rangi ya manjano iliyofifia, yaliyochimbwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mji wa kaisari ulijengwa kwa marumaru kutoka Ugiriki na Asia Ndogo, na itale nyekundu ya Aswan, Misri. Uwanja wake wa hadhara una urefu wa mita 100 na upana wa mita 60, na matao yake yalipambwa kwa vichwa vya Medusa, yule kiumbe mwenye nywele za nyoka, ambavyo zaidi ya 70 vimepatikana. Kando yake upo ukumbi mkuu wa mahakama, uliomalizika mwaka 216 wakati wa Caracalla, wenye nguzo zilizochongwa mizabibu na visa vya miungu walinzi wa mji. Mafundi walileta ufundi wao na alfabeti yao: kwenye vitako vya nguzo wamekwaruza majina yao kwa herufi za Kigiriki. Nayo ni majina ya wajenzi, ingawa hayakukusudiwa kuonekana na mtu.

Bandari nayo ilipanuliwa, ikawekewa mnara wa taa, maghala na gati za mawe zenye matundu ya kufungia kamba. Upande wa mashariki mawe hayo hayajalika. Kamba za merikebu hazikuyasugua kwa muda mrefu, kwa sababu bandari ilianza kujaa tope. Kijito kilikuwa kimechepushwa kwa bwawa juu ya mji, na matunzo yalipolegea, mafuriko yalishusha udongo wote gatini.

Mji haukufa siku moja. Mwandishi Ammianus Marcellinus ameacha simulizi chungu la karne ya 4. Mwaka 363 na kuendelea, wapiganaji wa jangwani walioitwa Waausturiani walivamia mashamba ya Leptis, wakachoma na kuua. Wenyeji walimwomba msaada Romanus, mkuu wa majeshi ya Kirumi barani Afrika. Akafika, akadai chakula tele na ngamia 4,000 kabla ya kusogea. Mji uliotoka kuporwa haukuwa nao. Akakaa siku 40, akaondoka bila kupigana. Wenyeji walipopeleka mashtaka kwa kaisari, hongo na uongo vikageuza kesi, na baadhi ya washtaki ndio waliouawa. Mwaka 365 likaja tetemeko kubwa la ardhi katika Mediterania, kisha Wavandali, kisha Wabizanti, ambao kaisari wao Justinian aliugeuza ukumbi wa mahakama kuwa kanisa na kuzungushia ukuta sehemu ndogo tu ya mji. Waarabu walipofika karne ya 7, mchanga ulikuwa umeshaanza kazi yake.

Mchanga ulihifadhi, lakini si kila kitu. Mwishoni mwa karne ya 17 balozi wa Ufaransa mjini Tripoli, Claude Lemaire, alisafirisha shehena za nguzo kwa ajili ya majengo ya Louis XIV. Zaidi ya miaka mia moja baadaye balozi wa Uingereza, Hanmer Warrington, akafanya vivyo hivyo, na nguzo zake zimesimama hadi leo kwenye bustani ya Virginia Water karibu na Windsor, zikiwa zimepangwa kuigiza magofu. Tatu zilishindikana kupakiwa na zingali ufukweni Leptis.

Waliofuata ni Waitaliano, walioivamia Libya mwaka 1911. Uchimbaji mkubwa ulifanyika chini yao kuanzia miaka ya 1920, na magofu yakatumiwa kudai kwamba Italia inarejea kwenye ardhi ya mababu zake. Walioshika sululu na kubeba vikapu vya mchanga walikuwa Walibya, katika miaka ambayo wenzao wa mashariki walifungiwa kambini, na kiongozi wa upinzani wao, Omar Mukhtar, akanyongwa mwaka 1931. Hoja ya mababu ilikanushwa na mawe yaleyale yaliyofukuliwa, kwa majina ya Annobal, Iddibal na Suphunibal.

UNESCO iliandikisha Leptis kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mwaka 2016, vita vya Libya vikiendelea, uliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini pamoja na maeneo mengine manne ya nchi hiyo. Watalii walikuwa wameshatoweka, lakini magofu hayakuachwa: wakazi wa Khoms walijitolea kulinda zamu na kung'oa magugu, bila mshahara. Adui mwingine ni mawimbi, yanayomega ukingo wa pwani. Kilwa ilipitia njia hiyo. Iliwekwa hatarini mwaka 2004, kuta zikakarabatiwa, mikoko ikapandwa kuzuia bahari, kamati za vijiji zikahusishwa, na mwaka 2014 ikaondolewa kwenye orodha. Leptis unahitaji hayohayo, na unahitaji kwanza amani ya kutosha ili mafundi wafike kazini. Sehemu kubwa ya mji, hasa mitaa ya makazi upande wa magharibi, haijachimbwa bado. Majina yaliyosomwa hadi sasa ni ya matajiri waliomudu kuchongesha mawe. Ya waliouza mezani pale sokoni, na ya waliokamua zeituni, yatatafutwa kwenye mitaa hiyo.