Tarehe ya Dizeli Itokanayo na Mbegu

Mtu adhaniye kwamba kuchoma mafuta ya mbegu ni hila mpya iliyozuliwa na wataalamu wa zama hizi hakupata kusimuliwa habari za vinu vya ngamia vya Unguja, Lamu na Mombasa, ambamo mnyama aliyefumbwa macho alizunguka kutwa akivuta mti mzito uliosaga ufuta, mafuta yakachuruzika upande mmoja na mashudu yakabaki upande wa pili. Mafuta hayo, pamoja na yale ya nazi, yalikuwa ya kupikia na kujipaka, lakini yalitiwa katika taa pia. Na yangaliendelea kutiwa humo lau katika nusu ya pili ya karne ya 19 yasingaliingia bandarini madebe ya mafuta ya taa yaliyochimbwa ardhini ng'ambo, ambayo mwanga wake ulikuwa mkali zaidi na bei yake haikuwashinda watu. Tangu hapo mwendo wa mambo umekuwa ule ule: mafuta ya ardhini yakishuka bei, mafuta ya mbegu hurudi chunguni, yakiadimika, wataalamu hurudi shambani wakiwa na hamu kubwa na kumbukumbu fupi. Walakini katika kupanda na kushuka huko kote liko jambo moja ambalo wasimulizi wa habari za mashine aghalabu hulipita kando, nami naliona ndilo lililoamua nani afaulu na nani aanguke, nalo ni mashudu: mafuta yakisha kutoka, hicho kilichobaki kitakwenda wapi, na nani atakinunua?

Vitabu vingi husema kwamba Rudolf Diesel aliiunda mashine yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Si kweli. Mjerumani huyo, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipopewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893 alikuwa akifikiri hata vumbi la makaa ya mawe, na mashine iliyofaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897 ilikwenda kwa mafuta ya ardhini. Lililo kweli ni kwamba katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto ilionyesha mashine ndogo ya namna yake ikitumia mafuta ya karanga, na kwamba Diesel mwenyewe, alipowahutubia wahandisi wa London mwaka 1912, alieleza kuwa mashine ile ilikwenda taratibu na vyema hata ni watu wachache tu waliotambua kilichokuwa kikiungua ndani yake. Jaribio hilo lilitakiwa na serikali ya Ufaransa, ambayo makoloni yake ya Afrika yalijaa karanga, nayo ilitamani kuona mashine za huko zikilishwa mazao ya huko huko pasipo kungoja meli ya makaa. Basi msomaji wa Afrika asiharakishe kuona fahari: nia haikuwa kumpa mkulima wa Senegali nguvu ya kusagia nafaka yake, bali kuufanya utawala uwe rahisi kwa mtawala. Diesel alitoweka usiku wa Septemba 1913 katika meli iliyokuwa ikivuka kutoka Antwerp kwenda Harwich, na fikira ya mafuta ya mbegu ikalala.

Kulala huko kulikuwa na sababu ya kimaumbile kuliko watu wanavyodhani. Mafuta mabichi ya mbegu ni mazito kuliko dizeli mara 10 na zaidi. Yakipulizwa katika mashine hayatawanyiki kama ukungu ipasavyo, bali huacha masizi katika nozeli, hugandisha pete za pistoni, na mengine huteremka chini yakaichafua oili hata ikawa nzito kama uji. Mashine kubwa za zamani, zilizokwenda polepole, zilistahimili adha hiyo kwa muda. Mashine ndogo za kasi hazikustahimili. Ilibidi ama mashine ibadilishwe ifuate mafuta, ama mafuta yabadilishwe yafuate mashine, na aliyeitia njia hii ya pili katika maandishi rasmi alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, ambaye tarehe 31 Agosti 1937 alipewa hati ya Ubelgiji ya namna ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa spiriti ili yafae kuwa mafuta ya magari. Mafuta aliyoyashughulikia yalikuwa mawese ya Kongo, na mwaka uliofuata basi la abiria kati ya Brussels na Louvain likaendeshwa kwa mawese hayo yaliyogeuzwa. Watu wa Kongo walikuwa wakipanda michikichi na kulima barabara, mawese yao yakitembea Ulaya. Kisha vikaja vita, na baada ya vita yakaja mafuta tele ya Uarabuni na Uajemi, na kazi ya Chavanne ikafunikwa vumbi kwa miaka 40 karibu.

Katikati ya miaka hiyo, hapa Tanganyika, ulipita Mpango wa Karanga, ambao haukuhusu dizeli hata kidogo, kwa kuwa Waingereza walitaka mafuta ya kula; walakini siwezi kuuacha, maana ulikuwa mazoezi ya makosa yaliyokuja kurudiwa. Kuanzia mwaka 1947 misitu ya Kongwa ilifyekwa kwa matrekta yaliyokunywa mafuta yaliyoletwa kwa meli na garimoshi, juu ya udongo ambao jua likiuwakia huwa mgumu mithili ya sakafu, na mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wagogo wa Kongwa walijua tabia ya mvua yao, hawakuulizwa.

Hata mwaka 1979, Shah wa Iran alipoondolewa na serikali mpya ikakataa kuwauzia mafuta Makaburu wa Afrika Kusini, wachunguzi wa wizara ya kilimo ya nchi hiyo, ambayo ilikuwa na alizeti nyingi na marafiki wachache, walianza kuyatia mafuta ya alizeti katika matrekta. Waliona masizi yale yale yaliyowasumbua wa kwanza, nao wakaiona tena dawa: mafuta yaliyogeuzwa kwa spiriti huenda katika mashine ya kawaida pasipo kuharibu kitu. Habari hizo zilisomwa mwaka 1982 katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Fargo, Marekani. Inasikitisha kusema kwamba maarifa haya yalizinduliwa kwa mara ya pili na dola iliyokuwa ikitafuta namna ya kudumu katika dhuluma yake, lakini historia ya mashine haichagui wazazi.

Walioyapokea maarifa hayo na kuyapunguza hata yakaenea katika ghala la mkulima walikuwa Waaustria. Mwaka 1985 mtambo mdogo wa majaribio ulisimamishwa katika shule ya kilimo ya Silberberg, jimbo la Styria, nao ulitumia rapa, mmea wa maua ya manjano wa jamaa ya haradali. Kazi yenyewe si ya ajabu, na atengenezaye sabuni ataielewa upesi kuliko mwenye shahada. Kila chembe ndogo kabisa ya mafuta ya mbegu imefanyika kwa minyororo mitatu mirefu iliyofungwa pamoja kwa gliserini, na uzito wote unatokana na kufungwa huko. Mafuta huchujwa, hukaushwa maji, hupashwa moto hata nyuzi 55 au 60, wala yasizidi, maana methanoli, ndiyo spiriti itumikayo hapa, huchemka kwenye nyuzi 65. Pembeni, methanoli kadiri ya lita 20 kwa kila lita 100 za mafuta huchanganywa na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, kiasi cha gramu 3 na nusu kwa kila lita ya mafuta mapya. Kisha vyote hukorogwa pamoja saa moja au mbili na kuachwa vitulie. Ikifika asubuhi, gliserini nyeusi imeshuka chini na dizeli ya rangi ya asali imeelea juu, karibu sawa na ujazo wa mafuta yaliyotiwa, nayo huoshwa kwa maji na kukaushwa. Maji yakiingia kabla ya wakati wake, au mafuta yakiwa yamechacha, mtu hupata pipa zima la sabuni asiyoitaka. Na methanoli si kitu cha kuchezea: ni sumu ipofushayo, moto wake hauonekani vizuri mchana, na aghalabu hutengenezwa viwandani kwa gesi ya ardhini, hata mkulima ajionaye amejitenga na mafuta ya ardhini bado humnunulia mwenye gesi sehemu moja kwa kila tano.

Mwaka 1991 wakulima wa Mureck, mji mdogo kando ya mto Mur karibu na mpaka wa kusini wa Austria, walifungua kiwanda cha ushirika wao, na mwaka huo huo nchi hiyo ikatoa kanuni rasmi ya sifa za dizeli ya rapa, ili mwenye trekta asiambiwe na muuzaji kwamba dhamana yake imekufa. Wageni waliokuja Mureck walistaajabia mapipa na mabomba. Mimi ningalitazama uani. Rapa ikikamuliwa kwa mashine ndogo hutoa mafuta kadiri ya theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki ni mashudu yenye protini nyingi, ambayo ng'ombe na nguruwe wa wakulima wale wale waliyala badala ya soya iliyonunuliwa ng'ambo ya bahari. Mkulima alileta mbegu akarudi na dizeli ya trekta lake na chakula cha mifugo yake. Bei ya mafuta ikianguka, mashudu humshika mkono, na bei ya soya ikipanda, dizeli humjia kama nyongeza. Baadaye kiwanda hicho kikapokea pia mafuta yaliyokwisha kukaangia katika majiko ya mikahawa, na mabasi ya jiji la Graz yakaendeshwa kwa dizeli iliyotoka huko.

Atakayeona kwamba nayatukuza mashudu kupita kiasi na aangalie jinsi wakubwa walivyoyagombania. Nchi za Ulaya ziliporuhusu, kwa mageuzi ya mwaka 1992, mashamba yaliyopumzishwa yapandwe mbegu za mafuta yasiyo ya kula, Marekani ilihamaki, si kwa ajili ya dizeli, bali kwa sababu mashudu ya rapa yangeizuia soya yake. Na katika mapatano yaliyojulikana kwa jina la Blair House, Novemba 1992, ilikubaliwa kwamba mazao hayo ya ziada yasipite kiasi kilicho sawa na tani milioni moja za mashudu ya soya. Pande mbili kubwa kuliko zote katika biashara zilikaa barazani zikapimiana makapi.

Sasa turudi kwetu, kwa mmea wa mbono kaburi. Asili yake ni Amerika ya Kati, lakini umeishi nasi muda mrefu hata mababu waliupanda kuwa ua wa boma na alama ya makaburi, kwa kuwa mbuzi hawauli na ukame hauuui. Kwa sifa hizo mbili, bei ya mafuta ilipokuwa ikipanda kuelekea kilele cha mwaka 2008, mbono ulitangazwa kuwa dhahabu ya nchi kavu. Waliotangaza hawakudanganya waliposema kwamba huishi mahali pakavu. Walinyamaza tu kwamba kuishi si kuzaa, na kwamba mbono uliokosa maji na mbolea huzaa kwa uchache kama mmea mwingine wowote. Na juu ya yote, mashudu yake ni sumu. Ile sababu iliyomzuia mbuzi asile ua ndiyo inayomzuia ng'ombe asile mashudu, kwa hiyo mizani ya Mureck hapa ilikuwa na kitanga kimoja tu.

Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, katika ardhi ya vijiji kadhaa. Ya Uholanzi, BioShape, ilikwenda Kilwa. Kazi ya BioShape ilikoma kwa kufilisika mwaka 2010, na ya Kisarawe ilisimama mwaka 2011, na vijiji vikabaki vikiuliza habari za ardhi, visima na ajira vilivyoahidiwa. Sioni haja ya kurefusha masimulizi hayo, maana aliyeisoma Kongwa amekwisha yasoma.

Lenye kunivuta zaidi ni lililotokea kaskazini, kwa kiasi kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 fundi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alibuni mkoani Arusha mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, yenye mpini mrefu na pistoni, ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma waliweza kuiunda wenyewe, na mashine hiyo ikaenea Afrika. Ilipokuja zamu ya mbono, ilikamua mbono pia. Huko Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilisimamisha mashine ya dizeli iliyotumia mafuta mabichi ya mbono kusaga nafaka, kukoboa na kuwasha taa za kijiji. Mashine nzito ya mwendo wa polepole, ya tabia ile ya kizamani, na kwa hiyo yenye ustahimilivu. Walakini hesabu haikuacha kuuma: lita moja yataka kilo 4 au 5 za mbegu, na kila mbegu imechumwa na kumenywa kwa mkono wa mtu. Alizeti nayo, ambayo Singida na Dodoma huikamua kwa wingi na kuwauzia wafugaji mashudu yake, ina kitanga cha pili cha mizani, lakini katika nchi ambayo bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje hakuna mwenye akili timamu atakayeyatia katika trekta mafuta ambayo sokoni yanasubiriwa na wapishi.

Akina mama wa Monduli na Arusha waliofundishwa na shirika la KAKUTE kukamua mbono walikwisha lijua hilo kabla ya wahandisi. Waliyachukua mafuta yale yale na kostiki ile ile, wakaiacha methanoli dukani, wakapika sabuni, kwa sababu sabuni ya mbono, iliyosifiwa kuwa ni dawa ya ngozi, ililipa kuliko mafuta yake yalivyolipa katika mashine yoyote. Na mashudu yenye sumu wakayarudisha shambani yawe mbolea.