Africa Addio na Maiti wa Unguja: Safari ya Filamu Iliyoitwa Uzushi

Katika masanduku ya familia zetu mna vyeti vya kuzaliwa vya serikali ya Sultani, mna hati za mashamba ya mikarafuu, mna picha za harusi zilizopigwa studio za Mji Mkongwe. Picha ya mauaji ya Januari 1964 haimo. Waliokimbia hawakubeba kamera, na waliobaki hawakuthubutu kuishika. Kila aliyesema "niliona kwa macho yangu" alibaki na neno lake tu, na neno la mkimbizi ni jepesi kukanushwa.

Lakini picha zipo. Zimo ndani ya filamu ya Kiitaliano, Africa Addio, yaani "Kwaheri Afrika", iliyotengenezwa na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi na kuanza kuonyeshwa Italia mwaka 1966. Wengi wetu tulisikia khabari zake kabla ya kuiona, na pamoja na khabari hizo tuliambiwa kuwa ni uzushi. Katika makala haya tunaeleza filamu hiyo ilitoka wapi, ilipotelea wapi, na ina thamani gani kama ushahidi.

Tuanze na siku zenyewe. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, ASP ilipata kura zaidi ya nusu, asilimia 54, lakini muungano wa ZNP na ZPPP ulichukua viti 18 kati ya 31 na kuunda serikali. Nyuma yake palikuwa na donda la Juni 1961, pale watu 68 walipouawa katika ghasia za uchaguzi, wengi wao Waarabu. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa. Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka kwa meli yake, Seyyid Khalifa, na sauti ya John Okello ikatawala redioni. Huko mashamba, Waarabu wakauawa, wanawake na watoto wakiwemo. Wakati huo Jacopetti na wenzake walikuwa Afrika Mashariki wakipiga filamu juu ya mwisho wa ukoloni. Waliruka juu ya Unguja na kupiga picha kutoka angani: misururu ya watu wanaoswagwa, makaburi ya halaiki, maiti waliotapakaa ardhini, watu ufukweni wanaotafuta njia ya kutokea. Hatujui picha nyengine za sinema zinazoonyesha mauaji yale.

Kwa nini basi ikaitwa uzushi? Sababu ya kwanza ni watengenezaji wenyewe. Filamu yao ya 1962, Mondo Cane, ilijulikana kwa kuchanganya mambo ya kweli na ya kupangwa. Sababu ya pili ni Congo. Mwandishi Carlo Gregoretti, aliyefuatana nao huko, aliandika katika gazeti la L'Espresso kwamba mauaji fulani yalipangwa yaendane na matakwa ya kamera. Jacopetti akashitakiwa Italia, na mwisho akaachiwa huru, lakini shaka haikufutika. Sababu ya tatu ni sauti ya msimulizi. Filamu nzima inadai kuwa Mwafrika, Mzungu akishaondoka, hawezi ila kuchinja na kubomoa. Mwezi wa Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wa Kijerumani waliandamana Berlin ya Magharibi kuipinga. Mwaka 1967 balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, Arthur Goldberg, aliilaani, na mhakiki Roger Ebert akaiita ya kikatili na ya kibaguzi. Walikuwa na haki. Lakini lililotokea ni kwamba sauti ya msimulizi iliwazika maiti wa Unguja mara ya pili: aliyeikataa filamu kwa ubaguzi wake aliwakataa na wao.

Kisha ikaja kukatwakatwa. Nakala ndefu ya Kiitaliano inakaribia dakika 140. Ya Kiingereza ni fupi zaidi. Mwaka 1970 Marekani ikatoka nakala ya kiasi cha dakika 80, kwa jina la Africa Blood and Guts, iliyotafuta damu tu na kutupa maelezo. Jacopetti mwenyewe aliikana. Kwa hivyo watu wawili waliweza kubishana juu ya "filamu ile" na kila mmoja akawa ameona kitu chengine. Mpaka mwaka 2003 ndipo kampuni ya Blue Underground ilipozitoa katika DVD nakala ya Kiingereza na ile ndefu ya Kiitaliano. Mtafiti Marie-Aude Fouéré, katika makala yake ya 2016, ameonyesha jinsi filamu hii inavyozunguka Zanzibar kwenyewe, na jinsi watazamaji wanavyogawanyika: wapo wanaoiona ni ushahidi, na wapo wanaoiona ni fitina.

Sisi wachache tunaokutana hapa Berchem-Sainte-Agathe, magharibi ya Brussels, tumeziangalia nakala hizo moja kwa moja, sauti imezimwa. Tunaipendekeza njia hiyo kwa kila familia. Sauti ikizimwa, Jacopetti hana tena la kusema, na jicho linaanza kuuliza maswali yake. Picha za kutoka juu zina uzito. Kuwapanga watu wengi namna ile kisiwani, chini ya wanamapinduzi wenye silaha wasiotaka wageni, lingekuwa jambo zito kuliko kuruka tu na kupiga picha. Tena zinalingana na kauli za wazee wetu, na hata na za upande wa pili: Okello, katika kitabu chake cha 1967, alijivunia vifo vya maelfu, ingawa wanahistoria hawazikubali hesabu zake. Idadi zinazotajwa hadi leo ni kuanzia mamia kadhaa hadi 20,000, na filamu haiwezi kuumaliza ubishi huo, kwani kamera haihesabu wasiopigwa picha. Wala haituambii mtu yule aliyelala pale ni nani, nani alimuua, na kwa amri ya nani. Na mhariri anaweza kuunganisha vipande vya mahali mbalimbali vikaonekana kitu kimoja. Kwa hivyo tunasema: tukio ni la kweli, kila kipande peke yake kinahitaji kupatiwa mahali na siku yake.

Kwa sisi tunaoishi Ubelgiji pana jengine. Filamu ile ile ina Congo ya 1964 ndani yake, na mamluki wa Kizungu wakipigana na waasi. Majirani zetu wengi hapa ni Wakongo, na wapo waliotoka Kisangani, ambako Kiswahili kilifika na wafanyabiashara wa Zanzibar. Tippu Tip alikuwa gavana wa huko kuanzia 1887. Na katika bustani ya Cinquantenaire liko sanamu la 1921, kazi ya Thomas Vinçotte, linalowasifu askari wa Kibelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kufanya biashara ya utumwa. Neno "Mwarabu" limewahi kufutwa kwenye jiwe lile na kurudishwa. Utumwa ulikuwepo, na hatuna haki ya kuuficha. Lakini tunajua pia namna kisa cha kweli kinavyotiwa mdomoni mwa mtu mwenye haja zake. Jacopetti alifanya hivyo kwa maiti wetu, na sisi tusiwafanyie hivyo tena, kwa kuichukua picha yao kuwa silaha dhidi ya watu wa bara au dhidi ya jirani.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu hili linataka kazi, na kazi hiyo hakuna mtunza nyaraka wa Roma wala wa Brussels atakayetufanyia. Wazee waliokuwa na miaka kumi mwaka 1964 sasa wamepita sabini. Wao ndio wanaoweza kuutambua ufuo kwa umbo lake, njia ya shamba kwa minazi yake, nyumba kwa paa lake. Kwa hivyo tunawaomba wasomaji: kaeni nao, kwa khiyari yao wala si kwa kuwalazimisha, maana wapo watakaopenda wasione, na hiyo ni haki yao. Atakayekubali, muulizeni mahali kabla ya kumuuliza hisia. Andikeni nakala gani mliyoitazama, dakika ya ngapi, na alisema nini kwa maneno yake. Na pembeni yake andikeni majina ya waliopotea katika familia, jina kwa jina, na kijiji. Filamu imetupa maiti wasio na majina, na sisi tuna majina yasiyo na makaburi. Allah awarehemu wote.