Sinopia: Udongo Mwekundu Uliochukua Jina la Bandari

Udongo mwekundu uitwao sinopia haukuchimbwa Sinope. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika karibu na mwanzo wa karne ya kwanza, anasema ulitoka bara, huko Kapadokia katika Uturuki ya leo. Wafanyabiashara waliuteremsha hadi bandari ya Sinope kwenye Bahari Nyeusi, na hapo ukapata jina. Baadaye biashara ya Kapadokia ikaelekezwa Efeso, upande mwingine kabisa wa nchi, lakini jina halikuhama nayo. Wanunuzi wa ng'ambo shimo hawakuliona. Waliloweza kulitaja ni bandari. Huku kwetu kuna mfano wa kinyume chake: Olkaria, karibu na Naivasha, panapozalishwa umeme wa jotoardhi, ni mahali palipoitwa kwa jina la udongo, maana olkaria kwa Kimaasai ndio huo udongo mwekundu wa kujipaka.

Wekundu wa sinopia unatokana na hematiti, aina ya oksidi ya chuma iliyo jamaa wa karibu wa kutu. Si wekundu wa pilipili, umeelemea hudhurungi. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, katika kitabu chake kuhusu mawe aliugawa udongo wa Sinope mafungu matatu: mwekundu sana, uliofifia kuelekea weupe, na wa kati, ambao haukuhitaji kuchanganywa na kitu. Anasimulia pia kwamba duka moja liliungua, na mtu aitwaye Kydias akaona udongo wa manjano uliokuwamo umeungua nusu na kugeuka mwekundu. Mafundi wakaanza kuutia udongo wa manjano katika vyungu vipya, wakaziba midomo yake kwa udongo wa mfinyanzi na kuvipanga tanuruni. Moto ukizidi, rangi inazidi kukolea hadi kufanana na kaa. Kinachotokea humo ni kwamba joto linayafukuza maji yaliyofungamana na chuma, inabaki hematiti.

Wagiriki waliuita udongo mwekundu wa aina yoyote miltos, na haukuwa kitu cha anasa. Waliupaka kwenye merikebu. Katika karne ya 4 K.K. Athene iliibana miji ya kisiwa cha Kea isiuze miltos yake popote isipokuwa Athene, na masharti hayo yalichongwa kwenye jiwe ambalo limebaki hadi leo. Aristophanes, katika mchezo wake wa mwaka 425 K.K., anawatania raia wanaozurura sokoni wakikwepa mkutano wa hadhara: walikokotwa kwa kamba iliyochovywa rangi nyekundu, na aliyepakwa alijulikana kwa doa la nguo yake. Warumi nao waliuthamini. Mwandishi wao Plinius anasema wachoraji wakubwa wa Ugiriki, Apelles akiwa mmojawapo, walifanya kazi zao kwa rangi nne tu: nyeupe, manjano, nyeusi, na nyekundu ya Sinope.

Lakini ni Italia iliyoipa sinopia maisha mapya. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa wachoraji karibu na mwaka 1400, anaisifu kuwa ni rangi ya asili, konda na kavu, inayostahimili kusagwa: kadiri inavyosagwa ndivyo inavyolainika. Waitalia pia walichovya uzi ndani yake, wakauvuta na kuuachia upige mstari ulionyooka. Maseremala wetu wa pwani wanaijua kazi hiyo. Wao huiita kupiga ngeu. Kwa Waitalia, kufuata uzi wa sinopia kukawa na maana ya kwenda moja kwa moja bila kupinda.

Mchoraji wa ukutani alianza na lipu ya chini, iliyo na chenga. Juu yake alichora picha nzima kwa sinopia iliyotiwa maji. Kisha kila siku alifunika kipande kimoja kwa lipu laini, kile tu alichoweza kukimaliza kabla hakijakauka, akapaka rangi zake. Picha ilipokamilika, mchoro mwekundu ulikuwa umefukiwa wote. Kwa hiyo jina la udongo likawa pia jina la mchoro uliofichwa.

Tarehe 27 Julai 1944 kombora la mzinga lilianguka juu ya Camposanto, jengo la makaburi lililo karibu na mnara unaoinama wa Pisa. Mbao za paa zikashika moto, mabati ya risasi yaliyoliezeka yakayeyuka na kuchuruzika kutani. Ili kuziokoa picha, wataalamu walilazimika kuzibandua, na chini yake wakazikuta sinopia, zikiwemo za Buffalmacco, mchoraji wa karne ya 14. Tangu 1979 zina makumbusho yake mjini humo. Binafsi navutiwa zaidi na michoro hii kuliko picha zenyewe: haikukusudiwa kuonwa na mtu, kwa hiyo mkono umekwenda haraka, bila kujipamba.

Ufaransa jina lilipotea njia kabisa. Katika maandiko ya zamani ya enzi za kati, sinople ilimaanisha nyekundu. Kabla enzi hizo hazijaisha, wataalamu wa nembo za koo walikuwa wamekwisha kuipa maana ya kijani, na maana hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Fundi akiagizwa ngao ya sinople akaipaka nyekundu, atarudishiwa kazi yake.